Seva ya Akiba
Seva ya kwanza ilizima Jumatatu alfajiri, stima ilipopotea na jenereta ikakataa kuwaka. Ya akiba ikashika kazi. Barua pepe zikaendelea kuingia, nami nikajisifu kwa bosi.

Alhamisi simu zikaanza. Wafanyakazi wapya hawakuonekana kwenye orodha ya anwani. Naye Mzee, aliyenifundisha kazi na ambaye akaunti yake niliifunga Jumanne, bado alikuwa pale.

Outlook ya kila mtu hupakua nakala ya orodha hiyo mara moja kwa siku, ili itumike hata bila mtandao. Nilifuta nakala yangu, nikapakua upya. Wapi! Ilirudi ileile ya zamani.

Ijumaa nikameza aibu, nikampigia. Mimi ndiye niliyemwambia bosi kwamba kazi ya Mzee naiweza peke yangu.

Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Kijana, hiyo orodha inatengenezwa na seva gani?"

Nikanyamaza. Exchange yetu ni ya 2010. Masanduku ya barua huhamia seva ya akiba, lakini orodha hutengenezwa na seva moja tu iliyotajwa. Yetu ilikuwa ile iliyokufa.

Nikaihamishia seva nzima, nikaitengeneza upya. Kufikia Jumamosi wapya walionekana, na jina la Mzee likatoweka.

Kabla ya kukata simu alikuwa amesema, "Ukikwama tena, nipigie." Nambari yake nimeihifadhi kwenye simu yangu mwenyewe.