Barua kutoka Ujerumani: Rimu Huchaguliwa kwa Vipimo Kabla ya Macho



Kila mwaka, sikukuu ya Pasaka inapokaribia, gereji za Ujerumani hujaa magari yanayobadilishwa magurudumu, kwa kuwa sheria ya nchi hiyo inamkataza dereva kuendesha kwenye theluji au barafu bila matairi ya baridi, na desturi imejengeka ya kuyafunga matairi hayo kuanzia Oktoba hadi Pasaka. Matairi ya baridi ni yale ambayo mpira wake haukakamai halijoto inaposhuka, na tangu Oktoba 2024 yanayotambuliwa na sheria ni yale tu yenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Kwa sababu hiyo kaya nyingi zina seti mbili za magurudumu: moja ya baridi, ambayo huvumilia chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, na nyingine ya kiangazi, ambayo mwenye gari hujipa uhuru wa kuichagua kwa mapenzi yake. Ni katika seti hii ya pili ambapo wapenzi wa magari madogo ya michezo hutumia fedha nyingi na muda mwingi, na ni hapo pia ambapo hekima ya uchaguzi hupimwa, kwa sababu gari zima hushikamana na barabara kwa vipande vinne vya mpira ambavyo kila kimoja ni kama ukubwa wa kiganja.

Gari linalofaa kutumiwa kama mfano ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, iliyozinduliwa mwaka 1989 katika maonyesho ya magari ya Chicago, ambayo Wamarekani huiita Miata na ambayo huko Japani iliuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Ni gari la watu wawili, lisilo na paa la kudumu, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, na yale ya mwanzo hayakufikia uzito wa tani moja. Rimu zake za aloi, yaani mchanganyiko wa alumini na metali nyingine, zilikuwa za kipenyo cha inchi 14 na upana wa inchi 5.5, zenye spoki saba, na kila moja ilikuwa na uzito wa takriban kilo 5 na nusu. Wahandisi walioliunda gari hilo walitafuta wepesi kila mahali, hata kwenye magurudumu, na yeyote anayetaka kuziondoa rimu hizo anapaswa kwanza kutambua kwamba anaondoa kitu kilichofikiriwa kwa makini.

Rimu yoyote iliyotengenezwa kwa uaminifu hubeba maelezo yake yenyewe, yaliyosubiwa au kugongwa kwenye metali, mara nyingi upande wa nyuma au karibu na matundu ya nati. Tuseme maandishi hayo yanasomeka 7J x 15 ET35, na mahali pengine 4/100. Namba 7 ni upana kwa inchi, unaopimwa kati ya kingo mbili zinazoshika tairi. Herufi J huonyesha umbo la kingo hizo. 15 ni kipenyo kwa inchi pale tairi linapokalia. Na 4/100 humaanisha kuwa rimu hufungwa kwa nati nne, ambazo vituo vyake vimepangwa kwenye duara la milimita 100. ET, kifupisho cha Kijerumani kilichoenea duniani kote, ni umbali wa milimita kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na ule uso unaogusa habu, yaani kile kiungo cha gari ambacho rimu hufungwa juu yake. Namba ya ET ikiwa kubwa, gurudumu huingia ndani zaidi kuelekea springi na shokomzoba. Ikiwa ndogo, gurudumu hutoka nje kuelekea ukingo wa madigadi.

Kipimo hiki cha ET ndicho kinachowaponyoka wanunuzi wengi, ilhali hesabu yake haihitaji zaidi ya kalamu na karatasi. Rimu ya asili ya MX-5, yenye upana wa inchi 5.5 na ET45, huenea takriban milimita 115 kuelekea ndani kutoka kwenye uso wa habu na takriban milimita 25 kuelekea nje. Rimu mpya ya inchi 7 na ET35 huenea takriban milimita 124 kuelekea ndani na 54 kuelekea nje, maana yake ni kwamba gurudumu limesogea milimita 9 karibu na shokomzoba na milimita 29 karibu na madigadi. Hapo mwenye gari hupata maswali mawili ya kujibu kabla ya kulipa: je, ndani kuna nafasi ya milimita hizo 9, na je, nje tairi halitakwaruza madigadi pale gari litakapodidimia kwenye shimo huku usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho? Zaidi ya hayo, kushusha ET kwa milimita 10 kunasogeza nje kwa kiasi hicho hicho kitovu cha sehemu ya tairi inayogusa lami, na matokeo yake ni kwamba beringi za habu hubeba mzigo kwa namna ambayo haikukusudiwa, na usukani huanza kuvutwa na kila mfereji wa barabara. Gari ambalo sifa yake kuu ni usukani mwepesi na wenye kutii linaweza kupoteza sifa hiyo kwa rimu moja iliyochaguliwa kwa kutazamwa tu.

Kipimo kingine ni tundu la katikati, ambalo hukaa juu ya habu na kuiweka rimu mahali pake pasipo kuyumba. Hapa suala linawagusa wasomaji wa Dar es Salaam, Mombasa na Bujumbura moja kwa moja, kwa sababu MX-5 hiyo ina nati nne kwenye duara la milimita 100 na tundu la milimita 54.1, na vipimo hivyo viwili ndivyo vilivyomo pia kwenye Toyota nyingi ndogo zinazoonekana kila siku katika barabara za Afrika Mashariki, zikiwemo Starlet na Vitz. Volkswagen Golf za zamani zina duara hilo hilo la milimita 100, lakini tundu lake ni milimita 57.1, hivyo rimu ya Golf ikifungwa kwenye Toyota huacha mwanya wa milimita moja na nusu kila upande. Mwanya huo huzibwa kwa pete ya plastiki ngumu au ya alumini yenye vipimo kamili, na pete hiyo isipowekwa, rimu huweza kukaa pembeni kidogo, usukani ukatetema katika mwendo wa kasi, na fundi akahangaika kupiga balansi bila mafanikio. Nati nazo zina umbo lake: rimu nyingi zinazouzwa kando na gari huhitaji nati yenye mdomo wa koni, ilhali rimu za aloi za asili za Toyota nyingi hutumia nati yenye shingo iliyonyooka na washa bapa, na kuzichanganya aina hizi mbili ni kuacha gurudumu lishikwe na sehemu ndogo tu ya metali. Desturi ya Ujerumani ni kukaza nati kwa spana inayopima mkazo, kisha kuzikagua tena baada ya kilomita 50 hivi, na desturi hiyo inafaa kuigwa na kila gereji.

Baada ya vipimo huja uzito, ambao katika gari dogo una athari kubwa kuliko katika gari zito. Rimu, tairi na breki ni mzigo usiobebwa na springi, kwa hiyo kila kilo inayoongezwa hapo huifanya shokomzoba ihangaike zaidi kulirudisha gurudumu barabarani baada ya tuta, na kwa kuwa gurudumu huzunguka, kilo iliyo kwenye ukingo wake huidai injini nguvu zaidi wakati wa kuondoka na huidai breki kazi zaidi wakati wa kusimama. Uzito huo hutegemea jinsi rimu ilivyotengenezwa. Rimu ya kusubu hupatikana kwa kumimina alumini iliyoyeyuka ndani ya kalibu, nayo ni ya bei nafuu ingawa huhitaji metali nene ili iwe imara. Rimu ya kufua hupatikana kwa kukandamiza pande la alumini kwa mashine yenye nguvu kubwa hadi chembe za metali zishikamane zaidi, hivyo inaweza kuwa nyembamba bila kuwa dhaifu. Na kati ya hizo mbili ipo rimu iliyosubiwa kwanza kisha ukingo wake ukavutwa kwa magurudumu ya chuma ungali moto. Kampuni ya BBS, iliyoanzishwa mwaka 1970 na Heinrich Baumgartner na Klaus Brand katika mji wa Schiltach, ilijijengea jina kwa rimu za mashindano, na kampuni ya Rays ya Japani iliitoa mwaka 1996 rimu ya kufua iitwayo TE37, ambayo namba iliyo katika jina lake hutokana na uzito wa kilo 3.7 wa ile ya inchi 15 yenye upana wa inchi 6. Kwa upande mwingine, rimu nyingi za kusubu za inchi 15 ni nzito kuliko ile ya asili ya MX-5, na anayezinunua huku akiamini kwamba ameboresha mwendo wa gari amelipongeza jicho lake na kuiadhibu injini.

Ukubwa wa rimu nao hauwezi kutenganishwa na tairi. Tairi la asili la MX-5, 185/60 R14, lina upana wa milimita 185, ubavu wenye kimo cha asilimia 60 ya upana huo, yaani milimita 111, na kipenyo kizima cha takriban milimita 578. Rimu ya inchi 15 yenye tairi la 195/50 hutoa kipenyo cha milimita 576, tofauti isiyofika nusu ya asilimia, hivyo spidomita huendelea kusema kweli, lakini ubavu umepungua hadi milimita 97 na nusu. Ukipanda hadi inchi 16 kwa tairi la 205/40, ubavu hubaki milimita 82 tu. Ubavu huo ndio mto wa gari dhidi ya mashimo, na katika barabara ambazo lami huishia ghafla au matuta hujitokeza bila alama, kila milimita inayoondolewa huisogeza rimu karibu na jiwe litakaloipinda au kuipasua. Kwa gari dogo, na zaidi kwa barabara za nyumbani Afrika Mashariki, kuongeza inchi moja ni mabadiliko yanayotetewa kwa hoja. Kuongeza mbili au tatu ni kununua sura kwa gharama ya usalama.

Ujerumani haiuachi uamuzi huu kwa mnunuzi peke yake. Rimu inayokusudiwa kuuzwa kwa magari ya aina mbalimbali huja na hati inayoitwa ABE, kibali kinachotolewa na mamlaka ya shirikisho ya magari, KBA, yenye makao yake Flensburg, au na ripoti ya kitaalamu iitwayo Teilegutachten, na ndani ya hati hizo hutajwa gari kwa gari, tairi kwa tairi, pamoja na masharti. Namba ya KBA husubiwa kwenye rimu yenyewe ili iweze kulinganishwa na karatasi. Pale ripoti inapodai ukaguzi, mwenye gari huenda kwa mkaguzi wa TÜV, DEKRA au taasisi nyingine iliyoidhinishwa, ambaye hupandisha magurudumu mawili yaliyo kwenye pembe zinazokabiliana juu ya vizuizi ili springi zibanwe kabisa, huukata usukani kutoka mwisho hadi mwisho, hupitisha mkono na tochi kati ya tairi na madigadi, na huhakikisha kwamba bodi inafunika sehemu ya tairi inayogusa barabara kuanzia nyuzi 30 mbele hadi nyuzi 50 nyuma ya mstari wima unaopita katikati ya gurudumu. Anayepuuza utaratibu huo anaweza kupoteza kibali cha gari kutembea barabarani. Wapo wanaoulalamikia kuwa ni urasimu, na ni kweli kwamba unagharimu, lakini faida yake ni kwamba kila gurudumu barabarani lina mtu aliyewajibika kulithibitisha.

Nyumbani mkaguzi wa namna hiyo ni nadra, hivyo mzigo wa kuthibitisha humwangukia mnunuzi na fundi wake. Hata hivyo hawako mikono mitupu, kwa kuwa magari mengi ya mitumba ya Afrika Mashariki hutoka Japani, na rimu zilizotengenezwa kwa ajili ya soko hilo hubeba alama ya JWL, ambayo mtengenezaji huiweka kuonyesha kwamba rimu imekidhi kiwango cha serikali ya Japani kwa kupimwa uchovu wa kupindwa inapozunguka, uchovu wa kubeba mzigo na uwezo wa kuhimili kishindo. Mara nyingi huambatana na VIA, alama ya kuwa matokeo hayo yamesajiliwa kwenye chombo cha uhakiki. Rimu za kuiga zinazouzwa kwa sura ya BBS au TE37 huweza kung'aa zaidi kuliko zile zilizoigwa, lakini uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti: rimu isiyo na jina la mtengenezaji, isiyo na ET wala kiwango cha mzigo, haina cha kumhakikishia mtu atakayeketi juu yake akiwa kwenye mteremko na watoto kiti cha nyuma.

Uchaguzi wa busara basi una mpangilio wake. Huanza kwa gari, kwa kusoma rimu iliyopo na kuandika duara la nati, tundu la katikati, upana na ET; hufuata hesabu ya nafasi ndani na nje, kisha kipenyo cha tairi na kimo cha ubavu kinachofaa barabara zinazopitwa kila siku, kisha uzito na uwezo wa kubeba mzigo, na mwisho kabisa rangi na idadi ya spoki. Mpangilio huo haumnyimi mtu urembo, kwa kuwa rimu nyingi nzuri hupita vipimo vyote hivyo. Unachofanya ni kuhakikisha kwamba urembo haununuliwi kabla ya usalama. Fundi wa Kariakoo jijini Dar es Salaam au wa Kirinyaga Road jijini Nairobi akiwa na rula, kalamu na subira anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo ya mkaguzi wa Stuttgart, na mteja anayemlipa kwa muda huo wa kupima hajapoteza hata senti.