Malaba, Mji wa Ngurumo

Msafiri atokaye Bungoma kuelekea magharibi hutambua kwa ishara mbili kwamba amekaribia Malaba. Ya kwanza ni mlolongo wa malori kando ya barabara, madereva wake wakinywa chai na kungoja zamu ya kuvuka. Ya pili ni wingu jeusi la alasiri. Ng'ambo ya mto iko Tororo ya Uganda. Upande huu ni Busia ya Kenya. Mto Malaba, uteremkao kutoka Mlima Elgon, ndio mpaka, lakini Wateso hulima kingo zote mbili, na mvua haimwonyeshi askari yeyote pasi yake.

Ngurumo za sehemu hizi zina sifa duniani. Kuanzia mwaka 1967 hadi 1976 Tororo ilihesabiwa kuwa na wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, na idadi hiyo ikaingizwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria huingia nchi kavu mchana, hukutana na upepo wa mashariki na miinuko ya Elgon, kisha hupaa juu sana. Huko matone huganda, huvikwa barafu tabaka juu ya tabaka, na huanguka yakiwa mvua ya mawe.

Robo saa yatosha. Mahindi yaliyokuwa yakichanua huachwa na majani yaliyochanika kama matambara, na ulezi uliokomaa hupukutika chini. Muhogo ndio ustahimilio: majani yakipotea, mizizi imo ardhini na shina huchipua tena. Kwa hiyo mkulima mwangalifu wa huko hakosi kipande cha muhogo, ijapokuwa moyo wake uko kwenye ulezi, nafaka ya ile pombe inywewayo na wazee kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Muhogo nao una adui wake. Mwaka 2007 mafuriko yalipoifunika nchi ya Teso upande wa Uganda, mizizi ilioza ardhini.

Hata hivyo, mvua iletayo hasara ya hatari zaidi haina kishindo. Mahindi yaliyopandwa kwa mvua za Machi huvunwa mnamo Julai na Agosti, wakati ambapo mvua za pili zinaanza, na hakuna kiangazi kirefu cha kuyaanika. Nafaka ikiwekwa ghalani ingali na unyevu, huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo haionekani kwa macho, wala kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2004, huko Makueni na Kitui, mashariki ya Kenya, watu 317 waliripotiwa kuugua kwa mahindi ya namna hiyo, na 125 kati yao walikufa.

Ndiyo sababu tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania, na malori yenye magunia yakakwama mpakani. Siku chache baadaye marufuku iliondolewa kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuthibitisha kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Adha iliwaangukia madereva na wachuuzi, ilhali kasoro ya namna hii huanza miezi mingi nyuma, uani kwa mkulima, siku jua linapokosekana.

Nyumbani kipo kipimo rahisi. Mahindi machache hutiwa pamoja na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, kisha chupa hutikiswa kwa dakika chache na kuachwa itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado yana maji. Isiposhika, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi; lakini ghala lataka asilimia 13.5, kwa hiyo yafaa yaanikwe siku moja au mbili zaidi, juu ya turubai wala si juu ya udongo, na mtu akae karibu kuyaondoa wingu likitokea.