Kope Langu la Kushoto
Mwenzenu kwa miaka nimepiga picha upande wa kulia tu. Asubuhi macho yako sawa. Ikifika jioni kope la kushoto linashuka, hadi mume wangu akauliza kama nimekunywa! Nikalaumu wanja, nikalaumu kompyuta. Nikataka upasuaji.

Daktari wa macho akaniwekea barafu juu ya jicho dakika 2. Kope likapanda! Akashuku miasthenia gravisi: kinga ya mwili inashambulia pale neva inapokutana na msuli. Vipimo vya damu vikathibitisha. Sasa nameza piridostigimini. (Shoga, likishuka ghafla na kichwa kinauma vibaya, kimbia hospitali siku hiyohiyo.)

Picha ya mhariri mwezi huu nimepiga saa 12 jioni, uso mzima.