Kivumbasi cha uani

Bibi hakupata kupanda kivumbasi. Kiliota chenyewe nyuma ya jiko, naye kazi yake ilikuwa kutuonyesha kichaka kipi kisifyekwe. Mbu walipoanza jioni alikata matawi mawili matatu, akayafukiza juu ya makaa, harufu ile kali yenye ukarafuu ikaingia mpaka kitandani. Majani makavu aliyachanganya na kunde za ghalani zisitobolewe na wadudu. Maua yake, madogo meupe yasiyo na urembo, sikumbuki mtu aliyeyasemea.

Baadaye Muheza yetu ikajengeka. Uani kukamwagwa saruji, mbele kukaoteshwa ukoka na mawaridi ya kununua, yale ambayo petali zake zimebanana hata nyuki hapati pa kupenya. Dawa ya mbu ikawa ya kopo. Kivumbasi kikabaki kando ya reli.

Aliyekirudisha ni mama, na kisa ni biringanya. Zilichanua vizuri, maua yakapukutika, tunda likawa la kuhesabu. Bwana shamba alimweleza: ua la biringanya huficha chavua ndani ya vifuko vyenye tundu dogo nchani, na haimwagiki vizuri mpaka mdudu alikumbatie na kulitetemesha. Nyuki wa asali hawezi kazi hiyo. Anayeiweza ni yule mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa, ambaye kila mwenye nyumba humfukuza kwa fagio! Tena ua lenyewe halina mbochi; mfanyakazi huyo lazima apate chakula chake jirani.

Basi mama akakata vipandikizi kule relini, akavichomeka kandokando ya matuta masika yalipoanza, akatia na mbaazi kwa sababu nyuki weusi wanazipenda mno. Kivumbasi ni mmea wa kudumu. Kikikatwa usawa wa magoti baada ya kuchanua, mvua za vuli hukichipusha upya. Kikiachwa, kinakuwa kichaka cha kukupita kimo. Dawa ya kopo hairuhusiwi tena kuvuka mlango wa jikoni.

Biringanya sasa tunagawa kwa majirani. Asubuhi wanakuja nyuki wa asali, wale wadogo wasiouma, na weusi wenyewe. Baba ananung'unikia paa lake, na kwa kweli ana haki. Mama amewasimamishia magogo makavu uzioni. Baadhi wamehamia, wengine bado wanapenda zaidi mbao za baba.