Bibi wa Katowice

Nilipokuwa nasoma Poland nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Mama yake huyo bibi alizaliwa Ujerumani, akaolewa Poland, akajifungua kitinda mimba Ujerumani, akazikwa Poland. Na hakuwahi kuhama Katowice! Iliyohama ni mipaka.

Silesia ya Juu ni nchi ya makaa ya mawe, na kwa ajili ya makaa hayo Wajerumani na Wapolandi waliigombania kama fisi na mfupa. Machi 1921 wenyeji wakapigishwa kura wachague upande. Mwaka 1922 nchi ikakatwa: Katowice ikaenda Poland, Gliwice na Bytom zikabaki Ujerumani, mwendo mfupi tu kwa treni. Mwaka 1939 Hitler akaja. Mwaka 1945 Wapolandi wakarudi.

Bibi alinipeleka Nikiszowiec, mtaa wa wachimba migodi ulioanza kujengwa 1908. Nyumba zote za matofali mekundu, zimezunguka ua, na kingo za madirisha nazo zimepakwa rangi nyekundu. Mgodi kwa Kipolandi ni kopalnia. Yeye husema gruba, neno lenye asili ya Kijerumani. Alipoanza shule wakati wa vita, mwalimu alitaka Kijerumani kitupu. Vita vilipokwisha Kijerumani kikawa kosa, na Kisilesia chake kikachekwa, eti Kipolandi kilichoharibika.

Nikamwambia hata sisi bwana! Kwetu Same, ukiteleza ukasema Kipare darasani unavishwa kibao shingoni, unatembea nacho mpaka umnase mwenzio. Bibi hakucheka. Akauliza kibao kilifungwa kwa nini. Kwa kamba ya katani, nikamjibu.

Katika sensa ya 2021 watu zaidi ya 460,000 walisema Kisilesia ndicho wanachoongea nyumbani. Mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kukitambua kuwa lugha ya kikanda. Mwezi Mei Rais Andrzej Duda akakataa kuitia sahihi. Kwake hiyo ni lahaja tu. Lahaja! Tuliisikia redioni, bibi akaizima.

Jumapili iliyofuata alipika kama kawaida: nyama ya ng'ombe ya kuviringisha, madonge ya viazi yenye kishimo cha kutuamisha mchuzi, na kabeji nyekundu. Akamwita mjukuu wake mezani kwa Kisilesia. Kijana akaitika kwa Kipolandi.