Mzee Aliyenunua Wimbo Wake

Nilipokuwa na miaka kumi na saba, wakati wa likizo kubwa, nilifanya kazi ya kuweka muziki katika simu za watu. Kila mkaaji wa Lubumbashi anaijua kazi hiyo: meza, mwavuli, kompyuta moja ya zamani, spika inayokoroma ili kuwavuta wapita njia, na kijana aliyeketi nyuma ya meza. Mteja analeta kadi ya memori ama flashi, anataja wanamuziki anaowapenda, nawe unamnakilia. Kwetu ilikuwa franki 500 kwa nyimbo 10. Jioni yaya mwenye meza alihesabu fedha, akanigawia sehemu yangu. Sehemu hiyo ndiyo iliyoninunulia madaftari ya mwaka wa mwisho wa sekondari. Nasema hivi mapema, ndugu msomaji, usije ukadhani kwamba nakuhubiria nikiwa na mikono safi.

Siku moja alikuja mzee mmoja, amevaa koti safi lililochakaa kwenye viwiko. Akaniuliza:

“Mtoto wangu, uko na wimbo moja ya gitaa? Inaanza gitaa peke yake, halafu bamama wanaitikia.”

Maelezo kama hayo yangeweza kuwa ya nyimbo mia. Nilimsikilizisha moja baada ya nyingine, naye akatikisa kichwa kila mara. Tulipofika kwenye faili iliyoandikwa “Track 07”, akaweka mkono mezani. Vidole vyake vikaanza kutembea juu ya ubao, na niliona jambo ambalo sijalisahau: vilitangulia nyuzi. Kabla gitaa halijapanda, vidole vilikuwa vimekwisha kupanda.

“Ndiyo hii,” akasema. “Ni mimi napiga.”

Alinieleza kwamba waliurekodi zamani, kaseti yake ikaliwa na mashine, na tangu hapo hakuwahi kuusikia tena. Kisha akatoa franki 500. Nilisita kidogo, nikazipokea. Nilimwekea wimbo wake na nyingine tisa juu yake, kwa sababu ndiyo ilikuwa bei. Alipoondoka aliuliza kama jina lake limeandikwa. Nikamjibu, “Hapana, Papa. Imeandikwa Track 07.”

Nchi yetu ina sheria ya kulinda haki za watunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986. Sheria hiyo ilikuwapo siku ile chini ya mwavuli, lakini hakuna hata mmoja wetu watatu, mzee, yaya wala mimi, aliyeikumbuka. Swali lililonibakia si kama nilikosa. Nilikosa. Swali ni njia gani ingemfikishia mzee yule haki yake.

Makampuni makubwa ya muziki yalikuwa na jibu moja: kufuli. Jibu hilo nililijua tangu utotoni, kupitia baba yangu mdogo aliyekuwa akiishi Ubelgiji. Katika ukoo wetu wote, ndiye mtu pekee niliyemfahamu aliyekuwa akinunua nyimbo kwenye intaneti kwa fedha zake halali. Mwaka 2010 alikuja kututembelea akiwa na flashi iliyojaa nyimbo alizozinunua miaka minne kabla yake. Alitaka kumpa kaka yake zawadi. Tulikusanyika sote mbele ya kompyuta ya baba. Kompyuta ikadai kibali. Tukaenda hadi nyumba ya intaneti kukitafuta, tukalipa saa nzima, na kumbe duka lile lilikuwa limekwisha kufungwa. Baba mdogo alikaa akitazama orodha ya nyimbo zake kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Jioni hiyo tulicheza muziki wa kijana wa mtaani. Wa kwake ulifunguka bila kuuliza mtu.

Wakati huo nilidhani ni bahati mbaya. Baadaye nikasoma na kuelewa kwamba kufuli lenyewe limetengenezwa hivyo. Wimbo huandikwa kwa maandishi ya siri, na ufunguo wake hutolewa na kompyuta ya muuzaji. Mnunuzi hupewa faili, lakini ufunguo unabaki kwa mwingine. Siku muuzaji akichoka na biashara, faili inabaki kuwa kelele isiyosomeka. Mwaka 2008 Microsoft ilitangaza kwamba itaacha kutoa vibali kwa nyimbo zilizouzwa na duka lake la MSN Music. Wateja walipolalamika ikabidi iongeze muda. Mwaka huohuo Yahoo nayo ililifunga duka lake la muziki.

Hata wauzaji wenyewe walikuja kuona upuuzi wa jambo hili. Apple ilifungua duka lake la nyimbo mwezi wa Aprili 2003, kila wimbo senti 99 za dola, kila wimbo na kufuli lake. Mwaka 2005 Sony BMG ilikwenda mbali zaidi: iliweka katika diski zake programu iliyojificha ndani ya kompyuta ya mnunuzi na kuiachia matundu ya usalama. Ilibidi diski hizo zirudishwe. Mwezi wa Februari 2007 Steve Jobs aliandika barua ya wazi akitoa hesabu rahisi. Katika mwaka 2006, alisema, nyimbo zilizouzwa mtandaoni zikiwa na kufuli hazikufika bilioni 2, na nyimbo zilizouzwa katika diski bila kufuli lolote zilizidi bilioni 20. Kuna faida gani kufunga dirisha wakati ukuta mzima haupo? Miezi miwili baadaye EMI ilikubali kuuza nyimbo zake bila kufuli, na Januari 2009 Apple ikatangaza kwamba inaondoa kufuli katika duka lake zima la muziki.

Hesabu hiyo ndiyo ya meza yetu pia. Ili wimbo ufike Lubumbashi nzima, ilitosha mtu mmoja, mahali pamoja, awe na nakala moja iliyo wazi. Kufuli halikumzuia yaya hata siku moja. Lilimzuia baba mdogo, ambaye alikuwa amelipa.

Basi, tuseme muziki wote uachwe wazi na bure? Hapo ndipo somo letu la fasihi simulizi liliponisumbua. Tulikuwa tukichambua maneno ya nyimbo za kisasa za nchi yetu, na mwalimu akatuomba tutenganishe hadithi ya wimbo na majina ya watu yaliyotajwa ndani yake. Kazi ilikuwa ngumu kuliko tulivyotegemea. Mpenzi analia, kisha linatajwa jina la mfanyabiashara. Mpenzi anaondoka, kisha linatajwa jina la mheshimiwa fulani. Kwa Kilingala jambo hili linaitwa kutupa libanga, yaani kutupa jiwe. Mtu mwenye uwezo hutoa fedha ili jina lake liimbwe. Desturi ya kumsifu mfadhili ni kongwe kuliko kompyuta, na siilaumu. Lakini mahali ambapo diski hailipi, libanga linageuka kuwa mshahara. Nilipokuwa nikihesabu majina yale nilimkumbuka mteja wangu wa franki 500 na nikatambua kwamba wimbo wa bure haupo. Nisipoulipia mimi ninayeusikiliza, ataulipia mwingine, na anayelipa ndiye anayeimbwa.

Sisi watu wa lugha tungeweza kuanzia kwenye neno. Kwa Kiswahili sanifu tunasema kupakua wimbo. Kabla ya kuwa neno la kompyuta, kupakua kulikuwa neno la jikoni: mama anapakua bukari. Ukipakua bukari, sufuria inapungua. Ukipakua wimbo, sufuria inabaki imejaa. Muuza kufuli alitaka kulazimisha wimbo uwe kama bukari. Sisi wa chini ya mwavuli tulisema, kwa kuwa sufuria haipungui, hakuna aliyeibiwa. Pande zote mbili zilitazama sufuria. Hakuna aliyemtazama mpishi, ambaye anachoka na kuona njaa kama watu wote.

Wahenga walikwisha kulimaliza kwa maneno matatu: mcheza kwao hutunzwa. Kutunza huku ni kumpa zawadi anayetumbuiza, na pia ni kumhifadhi asiharibike. Katika harusi zetu tunafanya hivyo bila kulazimishwa na mtu: tunainuka, tunambandika mwanamuziki noti kwenye paji la uso, tunarudi kuketi tukiwa na furaha. Hakuna kufuli mlangoni. Kuna njia fupi tu kati ya mfuko wangu na paji la uso wake.

Njia hiyo fupi ndiyo inayokosekana kwenye simu. Duka la mtandaoni linataka kadi ya benki, na wengi wetu hatuna. Huduma za kusikiliza kwa malipo ya kila mwezi zinataka mega za intaneti kila siku. Tena kufuli limerudi kupitia mlango huo: nyimbo unazozihifadhi ndani ya programu zao unaruhusiwa kuzisikia mradi unaendelea kulipa, na siku ukiacha zinafungwa. Ni flashi ya baba mdogo iliyovaa nguo mpya. Lakini fedha za simu tunazo. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zimefika mitaa ambayo benki haijawahi kuikanyaga. Wimbo ulio wazi, bei ndogo ya papo hapo, na ndani ya faili jina la mwenye wimbo pamoja na namba ya kumtumia fedha: hilo si ndoto ya wahandisi wa mbali. Hata kijana wa chini ya mwavuli angeweza kuwa wakala wake, akapata sehemu yake bila kujificha.

Najua utaniuliza: nani atalipa kitu anachoweza kukipata bure? Sitakudanganya kwamba wote watalipa. Nasema tu kwamba watu walewale wanaotunza harusini ndio walionijia mezani na franki 500. Walikuwa tayari kulipa. Walimlipa asiyestahili, yaani mimi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

Mwaka jana nilimtafuta mzee yule. Haikuwa vigumu, bado anapiga gitaa, na watu wa Katuba wakanielekeza kwa mkewe, ambaye alinipa namba ya simu. Nilikuwa na haya ya kumkabili, basi nikamtumia fedha kwa simu, kiasi kidogo ambacho mwanafunzi anaweza. Baada ya dakika chache akanipigia.

“Mtoto wangu, fedha hii ni ya nini?”

“Ni ya wimbo, Papa.”

Alinyamaza muda mrefu, nikasikia redio nyuma yake. Nilidhani simu imekatika. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu ambaye kweli hajui:

“Wimbo gani?”