Ushahidi wa Jicho

Watu wa mwambao waujua uzito wa neno "nimeuona". Mwezi uandamapo, shahidi huulizwa aliuona upande gani, wakati gani, na nani alikuwa naye. Huko bara, Mbulu na Hanang, ndege naye ana mashahidi wake.

Mbulu kuna ziwa Tlawi. Chini ya Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, kuna Balangida, ziwa la chumvi. Magharibi ya mlima kuna Basotu, lenye viboko. Akitua hapo ndege asiyezoeleka, aliyemwona hupeleka habari kwa kamati ya Afrika Mashariki ipimayo taarifa za ndege adimu. Kamati haiulizi cheo. Huuliza tarehe, mahali, umbali, mwanga, rangi ya mdomo na miguu, mlio, na kwa nini asiwe ndege mwingine afananaye naye. Taarifa iliyokubaliwa huchapishwa katika Scopus, jarida lililoanza 1977, lenye jina la kitaalamu la fundichuma. Iliyokataliwa si lazima iwe uongo: pengine ndege alikuwapo, ila maneno hayakumtosha.

Mfugaji wa Kidatoga na mkulima wa Kiiraqw huyatazama maji hayo mwaka mzima. Mgeni hukaa siku mbili, kisha huondoka na daftari lililojaa. Wangapi wametua Basotu, wakaonwa, wakatajwa kwa lugha ya wenyeji, wakasahauliwa? Kamati haiwezi kupima ushahidi usiofika mezani. Apewe mchungaji daftari, na aulizwe kwa lugha yake.